Redio ya Vitabu Juu ya Kabati

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni kitako kwanza, na mkishaanza someni mpaka mwisho, msiwe kama mtu anayechokoa pilau kutafuta vipande vya nyama. Nilizaliwa na nani na wapi, hayo hayataongeza kitu hapa. Nataka kukwambieni mwaka mmoja tu, mwaka ambao macho yangu yalimaliza kazi yake na mimi nikajifunza upya kukaa duniani, bibi mzima mwenye wajukuu. Nimeukumbuka kwa sababu nimetoka Makunduchi matangani. Bi Mwaka amefariki. Nilikaa mkekani na wanawake wa kwao, nikawasikia wakimsifu kwa sala zake na kwa kamba zake za makumbi, na yote ni kweli, lakini hakuna aliyesema kwamba alikuwa na ulimi unaochoma, na kwamba ulimi huo ndio ulionirudishia vitabu vyangu. Basi ntasema mimi. Mimi nasema, mkamwana wangu Raya anaandika, kisha ananisomea. Skuli sikukaa sana. Msahafu niliusoma katika chuo cha Qur'ani, na herufi za skuli nilizipata ukubwani, katika madarasa ya jioni ya watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni. Lakini nilipozipata sikuziacha. Toka siku hizo sikulala mchana bila ya kitabu cha hadithi kifuani, mpaka mwaka huo ninaousema.

Watu wanadhani upofu ni giza. Wangu haukuja na giza. Ulikuja kama mvuke unapofunua chungu cha wali, pembeni kwanza, unasogea polepole, na katikati ukabaki uwazi mdogo kama tundu la kitasa, kisha hata hilo likazibwa na kitu cheupe. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Nyumba yetu ya Kikwajuni nilikuwa naijua kama mkono wangu, lakini mwaka ule ilikuwa nyumba nyingine. Ukumbi ulijaa mwanga usio na umbo, wa rangi ya maji ya mchele. Kanga nyekundu ilikuwa inapita peke yake bila mtu ndani. Mvua ikinyesha nilikuwa nasikia ukuta wa chokaa ukitoa harufu ya uchachu, nikajua ni upande gani nimegeukia kwa harufu hiyo tu. Na usingizini, hapo ndipo penye ajabu, usingizini nilikuwa naona. Nilikuwa naota nimeshika kitabu, herufi nyeusi zimetulia kwenye mistari, nafunua ukurasa, nasoma vizuri kabisa, na hadithi inakwenda. Nikiamka ilikatika pale pale, na mchana wote nilikuwa nimekaa mkekani nikijiuliza yule mtu alifika au hakufika. Hata sasa siwezi kuapa mambo gani ya mwaka ule yalitokea ukumbini na yapi yalitokea nimelala. Haya ninayokwambieni ni yale ambayo wenzangu pia wanayakumbuka.

Kwanza walinisomea. Sisemi hawakunipenda. Raya alikuwa akimaliza vyombo vya mchana anakuja, anakaa karibu yangu, ananukia sabuni na vitunguu, anafungua kitabu nilichokuwa nimekiacha katikati. Sauti yake nzuri. Lakini siku moja niliona hadithi imevunjika.

"Umeruka," nikamwambia.

"Sijaruka, Bimkubwa."

"Jana mwanamke huyu hasemi na mumewe. Leo ana mimba. Imeingilia dirishani?"

Haji, mwanangu, mume wa Raya, alikuwa anakula pale pale ukumbini. Nikasikia amepaliwa na wali. "Mama, wacha," akasema alipopata pumzi. "Mengine hayasomeki mbele ya mama mkwe."

"Mimi nna wajukuu, Haji. Unadhani niliwaokota ufukweni?"

Nilisikia bangili za Raya zikigongana, na yeye bangili zake hugongana akiona haya. Akapewa Haji kitabu. Haji hakuona haya, alikuwa na haraka. "Hapa anaeleza mvua," anasema, na ukurasa unapigwa. "Mvua tena. Mvua. Twende mbele, mama, kuna ugomvi huku." Mimi mvua ile nilikuwa naitaka. Niliitaka kuliko ugomvi. Basi nikawa nalishwa vitabu kama mtoto mdogo anavyolishwa samaki, kila mtu ananitolea miiba kwanza, na kila mtu anajua yeye miiba ni ipi. Nyinyi mnaosoma kwa macho yenu hamlijui hili. Mtu akikusomea, anakaa baina yako na kitabu, na hata akiwa mwembamba namna gani, utamwona yeye kwanza. Nikawaambia wasinisomee tena. Nikakaa siku nyingi bila kitabu, kisha nikasema nyumba nzima isikie: nataka kusoma peke yangu au nisisome kabisa.

Haji ni mtoto mzuri. Alikwenda sokoni Darajani akaniletea kiredio kidogo chenye memori kadi, kimejazwa vitabu vya sauti. Sauti ilikuwa kubwa, lakini kidude kile hakikuwa na kumbukumbu. Nikikizima kwa ajili ya sala na kukiwasha tena, kitabu kinaanza mwanzo. Yule bwana wa hadithi nilimsikia akizaliwa mpaka nikachoka kumpongeza mama yake. Ndipo jirani mmoja alipomwambia Haji kuna chama cha watu wasioona kule Mji Mkongwe, wana chumba, na wana mashine zilizotengenezwa hasa kwa watu kama mimi, mtu anakwenda anazishika, anachagua.

Chumba kilikuwa juu ya ngazi za mbao zilizolika katikati, Haji amenishika kiwiko, na mimi nakanyaga kila kidato kana kwamba kitaondoka. Humo ndani panga boi linalia, chai ya tangawizi inanukia, na mtu anasokota kitu, ule mkwaruzo wa makumbi ya nazi baina ya viganja. Sauti ya mwanamke ikatoka upande wa mkwaruzo.

"Khelef, nani huyo anayepanda ngazi kama mwizi?"

"Ni Bi Rukia wa Kikwajuni," akajibu Khelef, bwana wa chama anayetunza mashine, yeye anaona. "Upofu wake bado mgeni."

"Ah. Watu wa mjini hao. Wakipofuka wanaona dunia ndiyo imezimwa. Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba," nikajibu kwa ukavu.

"Mimi mdogo wako kwa umri, nasikia kwenye sauti. Lakini kwa upofu mimi mkubwa wako, nimeanza nikiwa mtoto. Basi na mimi nipe yangu."

Haji akakohoa, najua alikuwa anazuia kicheko. Kisha, sijui kwa nini, nikampa. Nikamwambia shikamoo, na yeye akaitikia marahaba kwa madaha kama bibi harusi. Ndivyo nilivyomjua Bi Mwaka.

Khelef akaniwekea vitu mbele yangu mezani, kimoja kimoja. Kwanza simu ya kupangusa, inayosema kila unapogusa. Vidole vyangu vimepara samaki na kukuna nazi umri mzima, kioo kile hakikuvitambua. Mara kimpigie mtu nisiyemjua, mara kiniambie hali ya hewa. Nikakisukuma. Pili mashine mpya, nyepesi, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichokwisha nusu, vibonyezo vyake vimeinuka, kila kimoja na umbo lake, na ukibonyeza kinajitaja. Vitabu vyote viko ndani yake mwenyewe. Ukizima leo ukiwasha mwezi ujao, inaendelea pale pale kwenye neno ulilokomea. Nilipoambiwa hivyo nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu ya yule mwanamke wa makumbi. Tatu ilikuwa mashine ya zamani, nzito kama tofali, yenye mlango mdogo ubavuni wa kutilia kadi. Hiyo niliigusa tu nikaiacha.

"Nachukua hii nyepesi," nikasema.

"Umechagua kama msichana anayechagua mume kwa viatu," akasema Bi Mwaka, na makumbi yakaendelea kukwaruza.

Niliwekewa vitabu, na Khelef akanipa kama hidaya ya chama Qur'ani nzima ya kusikiliza, imetiwa mwanzo kabisa. Msomaji wa hadithi alikuwa sauti ya mashine, mwanamme asiyezaliwa popote. Akisema dhambi anasema zambi, akisema ghali anasema gali, nikamkasirikia, kisha nikamsamehe palepale, kwa sababu alikuwa anasoma mvua yote.

Tulifika nyumbani kabla ya alasiri. Nikakaa mkekani, nimenyoosha miguu, nimeipakata mashine yangu, watu wamenizunguka kama nimeletewa mtoto mchanga. Nikawasha. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa Alhamdu. Televisheni ikazimwa. Raya akasema polepole, "Kumbe humu mna Qur'ani." Na kabla sijasema kitu, Haji ameshaiinua kutoka mapajani mwangu, kwa sababu ilikuwa karibu na miguu. Nikasikia anatafuta kitambaa, anafungua kabati, anakifunga kitu changu kama kinavyofungwa msahafu, na anakiweka juu kabisa, pale inapokaa misahafu ya nyumba. Mimi ningesema nini? Ni mimi niliyewafundisha wote humu ndani kwamba msahafu haukai chini, hauwekewi kitu juu yake, hauingii jikoni, na haushikwi bila udhu. Niliwafundisha kwa maneno, na wengine kwa ufito. Walikuwa wananitii, na kwa utii huo wamenifungia mlango.

Ukaja wakati mrefu wa ajabu. Nikitaka kusoma, niite mtu. Mtu aje atie udhu, apande kiti, anishushie, na mimi niwe nimetawadha, nimekaa vizuri. Kisha niombe nini? Nani atathubutu kumsikiliza mwanamke aliyegombana na mumewe kwenye mashine ile ile iliyotoka kusoma Alhamdu? Mimi mwenyewe nilibonyeza mara moja, nikaona aibu, nikazima. Kiti nilikatazwa kupanda. Basi mashine ikakaa juu ya kabati na mimi nikakaa chini yake. Alasiri nikisinzia nilikuwa naisikia ikisoma peke yake ndani ya kitambaa, kwa sauti ndogo kama maji yanayopita chini ya mlango, na watu wa hadithi wakishuka mmoja mmoja kutoka juu, wanapita ukumbini kimya kwa adabu, wananikwepa miguu, wanatoka uani. Niliwaona nguo zao. Nilijua rangi ya buibui la yule mwanamke ilivyochakaa mabegani. Nikiamka hakuna kitu, ni Raya anafagia.

Haji alikwenda kumwuliza mwalimu wa msikiti wetu. Akarudi akatwambia tukiwa tunakula, mikono yote sahanini, chukuchuku ya samaki na ndimu. "Mwalimu amesema ikizimwa si msahafu. Hakuna ubaya ikikaa popote pasafi."

"Basi tuishushe," akasema Raya.

Hakuna aliyenyanyuka. Haji alikula, akanawa mikono, akaenda zake kazini. Mwalimu alikuwa na haki na wao walikuwa na mioyo yao, na moyo wangu ulikuwa pamoja na wao. Kama mngekuwapo mngeona jambo la kuchekesha, bibi anayelilia vitabu vyake na mwenyewe hataki vishushwe.

Nilimwambia Haji anipeleke Makunduchi kwa Bi Mwaka. Sijui nilikuwa nafuata nini, labda nilitaka mtu wa kunitukana. Nilimkuta uani anakuna nazi, na kiunoni mwake, kwenye pindo la kanga, kunazungumza mwanamme asiyezaliwa popote. Alikuwa anasoma habari za mke anayemnusa mumewe shati. Bi Mwaka hakuzima. Alitutilia muhogo wa nazi, akanisukumia sahani mpaka ikagusa goti langu, asiulize mtu iko wapi. Mashine yake ilikuwa ile nzito, ya kadi. Ilinuka moshi na makumbi. Nikamweleza yangu ilivyopanda kabatini.

"Na wewe Qur'ani yako?" nikamwuliza. "Unatembea nayo jikoni?"

"Audhubillahi. Qur'ani yangu iko ndani, juu, kwenye kibweta. Kadi yake nnaitoa. Humu saa hizi mna mambo ya dunia tu. Nikitaka kusoma natia udhu, naipangusa mashine, naitoa dunia, naitia Qur'ani." Akakuna kidogo. "Nyinyi mmekipa heshima chombo, mwenyewe mkamnyima. Na hicho chako, kina mlango wa kadi?"

"Hakina. Kila kitu kiko ndani yake."

"Si nilikwambia? Viatu."

Njiani kurudi ndipo nilipofahamu. Mashine ile nzito niliyoigusa nikaiacha ndiyo pekee iliyotengenezwa kwa nyumba kama yangu, na aliyeitengeneza hakujua. Huko kwao labda walifikiria bei, au hawakuwa na namna nyingine wakati ule. Hakuna duka ambalo lingeniambia hili. Ilibidi niambiwe na mtu mwenye kabati kama langu.

Siku nyingine tukarudi chamani. Bi Mwaka alikuja mjini siku hiyo hiyo, akasema ameleta kamba za kuuza, lakini makumbi yake yalikuwa yamekaa pale pale chini ya panga boi kabla yetu. Khelef alisita. Hakuwa na ubaya. "Bi Rukia, hii ya zamani naweza kukubadilishia, lakini naogopa. Kadi yake ndogo, haizidi ukucha wa kidole gumba. Wewe bado hujazoea. Itakuanguka, utaipoteza, utabaki na tofali. Bi Mwaka amekuwa hivi umri wake wote, wewe ni mwingine. Labda tumwachie Haji kadi, awe anakutilia yeye."

Awe anakutilia yeye. Nilisikia maneno hayo yakinirudisha kwenye samaki wa kutolewa miiba. Nikaomba kadi niishike. Nikaipapasa, nikaujua upande wake uliokatwa pembeni, nikaijua kwa ukucha na kwa ncha ya kidole. Kisha nikaufungua mkono, nikaiacha ianguke. Haikutoa mlio wa kufaa kitu. Kiti kikasogea, Haji ameshainama.

"Kaeni," nikasema. "Nisipoiona mwenyewe, mashine hii si yangu, na mtanisomea nyinyi mpaka nife."

"Muacheni," akasema Bi Mwaka. Makumbi yakanyamaza.

Nikapiga magoti. Sakafu ya chokaa ilikuwa baridi, na mimi mara ya mwisho kutambaa mbele ya watu nilikuwa sijaota meno. Nikaanza kufagia kwa viganja, polepole, nje kwenda ndani, kama unavyokusanya mchele uliomwagika. Nikakuta mchanga, uzi, makombo ya visheti, kibanio cha nywele cha mtu. Nikakuta vidole vya miguu vya Haji, nikavipiga kofi, vikaondoka. Panga boi linalia. Ule weupe wa machoni mwangu ulikuwa umetanda kama kawaida, lakini chini yake, kwenye viganja, pakaanza kuonekana. Nisamehe Raya, andika hivyo hivyo, pakaanza kuonekana: hapa sakafu inainuka, hapa pana ufa, ufa unakwenda kwenye mguu wa meza. Chumba kikajengeka chini ya mikono yangu kutoka sakafuni kwenda juu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikuwa mahali, sikuwa ndotoni. Kadi ilikuwa imesimama ubavu ndani ya ule ufa, karibu na mguu wa meza. Nikaichopoa kwa ukucha. Nikakaa kitako chini pale pale, nikaomba mashine, nikatafuta mlango wake, nikaitia. Mara ya kwanza kichwa chini. Mara ya pili ikaingia ikalia tik.

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Mwaka akasema, "Sasa nyanyuka, unamchafulia Khelef sakafu," na makumbi yakaendelea.

Haji alinichongea kibweta cha mbao. Kadi ya Qur'ani ikakaa humo, juu ya kabati pamoja na misahafu, na mimi mwenyewe nilimwambia aniwekee kigoda cha kukanyagia kisichoyumba. Kadi ya dunia ikabaki ndani ya mashine, na mashine ikabaki na mimi. Alasiri ya kwanza nilijilaza ukumbini, wengine wamelala, mlango wa uani umefunguliwa kidogo, upepo unaingia na harufu ya nguo zilizoanikwa. Nikakitafuta kile kitabu, nikarudi nyuma mpaka pale Raya aliporuka. Yaliyorukwa hayakuwa makubwa kama nilivyodhani. Mlango ulifungwa, taa ikapunguzwa, na mwanamke akamwambia mumewe neno moja ambalo mimi na marehemu mzee wenu tulilijua, na silisemi hapa. Kisha mvua ikanyesha kurasa nzima. Nililala katikati ya mvua hiyo, nikaamka bado inanyesha, na safari hii ndoto haikukatika kwa sababu mashine ilikuwa inaendelea, ikinisubiri nirudi.

Siku ya pili nikanyoosha mkono mkekani, hakuna kitu. Nikapapasa kulia, kushoto, chini ya mto. Raya alikuwa amefagia, akaona mashine iko chini, akaipangusa vizuri na kuipandisha mezani. Kwa mapenzi. Sikumgombeza. Nikaita majina yao wote, wakaitika naam mmoja mmoja, nikangoja mpaka nikasikia pumzi zao zimekaa mahali pamoja ukumbini, Haji na wajukuu na Raya na fagio lake mkononi, nikawaambia hivi:

"Kitu changu kikae pale mkono wangu ulipokiacha. Kikiwa njiani, kizungukeni. Na mkinisikia nakitafuta, asiniambie mtu kiko wapi."